Ngozi Isiyosikia

Newala, 9 Juni 1956

Mama Mdogo Bibiana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba kazi ya wodini haijakumaliza nguvu. Kasiani hajambo? Mwambie kaptura yake ya shule iko tayari, nasubiri mtu wa kuileta. Huku sote wazima. Mama anasema mihogo imekubali mwaka huu. Bibi anakohoa asubuhi kwa sababu ya baridi, lakini ulimi wake haujapata baridi hata kidogo. Jana alimwambia jirani kwamba uji wake unafaa kupigia pasi kola za mashati.

Mimi bado nashona barazani kwa Mzee Husseni, pamoja na Alfani. Tena habari njema: wazee wa Lupaso wameikubali posa. Agnes na mimi tutafunga ndoa korosho zikishauzwa, Mungu akipenda.

Sasa usinicheke. Nakuandikia juu ya ngozi yangu. Uso wangu umejaa chunusi, na nikinyoa ndevu kesho yake shingo yote ina vipele. Miguuni ni kinyume chake, upepo wa huku juu umenikausha hadi mtu anaweza kuandika jina lake kwa ukucha. Nimejipaka mafuta ya nazi mwili mzima, miguu ikashukuru lakini uso ukazidi kuharibika. Alfani ananishauri ninawe kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia. Mteja akija kupimwa ananitazama usoni kwa karibu kabisa, na mimi namwona anavyotazama. Nifundishe cha kufanya kila siku, kama mnavyowafundisha wagonjwa.

Swali la mwisho si langu. Kuna mtu ninayemfahamu ana baka kwenye mkono, chini ya kiwiko. Rangi imefifia kidogo, kama shati lililosahauliwa juani. Je, kuna mafuta ya kuirudisha? Nauliza kwa ajili yake tu.

Mwanao,
Silvano

Ndanda, 24 Juni 1956

Mwanangu Silvano,

Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa Kasiani ambaye ameanguka kwenye mwembe wa watu na hataki kusema ni wa nani. Wasalimu mama yako, Dada Veridiana, na Mama yetu, bibi yako. Nimefurahi mno kwa habari za Agnes. Namkumbuka tangu alipokuja hapa kumtazama mama yake aliyekuwa amelazwa. Aliniuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wangu wa uuguzi.

Nimekucheka, lakini kidogo tu. Hata baba yako alikuwa akijitazama kwenye maji ya ndoo, akidhani hatumwoni.

Kosa lako ni kudhani mwili wako una ngozi moja. Fundi kama wewe huwezi kupiga pasi hariri na pamba nzito ya marekani kwa moto uleule. Basi kwanza ujue umevaa kitambaa gani. Asubuhi moja nawa uso kwa maji na sabuni ya kuogea, ujifute, halafu usijipake kitu chochote. Nenda kazini hivyohivyo. Jua likifika utosini, chukua ile karatasi nyembamba inayofungiwa vitambaa dukani, uibandike kwenye paji la uso, puani, mashavuni, kidevuni, kila mahali kipande chake. Karatasi ikilowa mafuta ukaona mwanga upande wa pili, ngozi ya hapo inajitengenezea mafuta yenyewe, haihitaji yako. Ikibaki kavu na ngozi ikakubana, hapo pana njaa. Niandikie ulichokiona. Sabuni ya mche mwachie Alfani na suruali zake.

Kuhusu yule mtu unayemfahamu, siwezi kumpa mafuta bila kujua zaidi. Mwulize kama baka linamwasha. Mwulize lilianza lini, na kama linatoa jasho sawa na ngozi iliyo kando yake. Usisahau kunijibu hili.

Mama yako mdogo,
Bibiana

Newala, 15 Julai 1956

Mama Mdogo,

Shikamoo. Kaptura nimempa Bartholomayo dereva, naamini imefika na Kasiani hajapanda nayo mti.

Sikiliza utafiti wangu. Siku ya kwanza Mama aliponiona nanawa uso asubuhi, kisha tena jioni, kwa maji haya tunayopandisha kutoka bondeni kwa kichwa, aliniuliza kama Alfani amenisilimisha. Nikamweleza ni agizo la hospitali. Sasa ananipimia kikombe kimoja na kunisimamia.

Karatasi ya paji la uso ililowa hadi nikaweza kusoma gazeti kupitia humo. Ya puani hivyohivyo. Za mashavuni zikabaki kavu kabisa. Nilistaajabu, uso wa mtu mmoja una nchi mbili na mpaka katikati. Sikuweza kuacha hapo. Nikambandika Alfani, yeye ni mafuta kutoka sikio hadi sikio, angeweza kukaanga muhogo. Nikambandika Mzee Husseni akiwa amesinzia, akaamka akataka kunifukuza, kisha akaomba aone karatasi yake. Wateja wawili wakaomba wenyewe.

Bibi alikataa, baadaye akakubali. Karatasi yake ilitoka kama ilivyoingia. Akasema mafuta yake yote tuliyanyonya sisi. Nilimwuliza anavyotunza zile nembo za usoni kwake hadi leo zinang'aa, akanionyesha mafuta ya nyonyo, kidole kimoja tu, anayasugua kila jioni tangu alipochanjwa akiwa msichana. Akasema lakini katika ukoo wetu ngozi nzuri kuliko zote ilikuwa ya Mjomba Nathanaeli, kaka yenu. Nikamwuliza mjomba alikwenda wapi hasa. Akasema mkonge, Lindi, halafu akanituma nikahamishe mbuzi ambaye alikuwa kivulini tayari. Wewe ulikuwa msichana mkubwa alipoondoka. Alikwenda shamba gani la mkonge, na kwa nini hakurudi hata kuzikwa?

Nasubiri utaratibu wangu wa kila siku.

Mwanao,
Silvano

Ndanda, 2 Agosti 1956

Mwanangu,

Marahaba. Kaptura imefika, inamkaa vizuri, na Kasiani anakushukuru kwa maneno ambayo nimemlazimisha.

Barua yako nimewasomea wauguzi wenzangu, sasa kila mtu hapa ana karatasi kwenye pua. Umefanya vizuri. Ngozi yako ni ya mchanganyiko, nayo inatunzwa hivi. Asubuhi kikombe chako cha maji kinatosha. Lowesha kitambaa, ujifute, tia sabuni ya kuogea kwenye paji na pua tu, mashavu yapate maji matupu. Ukimaliza tia tone la mafuta ya ufuta mashavuni. Mafuta ya nazi yasikaribie uso wako. Mchana vaa kofia, na usiminye chunusi kwa vidole vyenye chaki. Ndevu nyoa baada ya kubandika kitambaa cha maji moto, ukifuata zinakoota, wala usiazime wembe wa Alfani. Jumamosi chukua pumba laini za mtama, uzichanganye na maji, usugue miguu polepole, kisha uipake nyonyo ya Bibi ingali na unyevu. Usitazame matokeo kesho yake. Subiri mwezi.

Jioni ndiyo muhimu zaidi. Ukishaoga, kaa mahali penye mwanga ujitazame ngozi yote, mbele na nyuma ya mikono, miguu, kila unapofikia. Kisha chukua unyoya wa kuku, fumba macho, mtu mwingine aupitishe juu ya mikono yako, nawe useme umeguswa wapi. Mama yako anaweza kukufanyia. Utaona ni mchezo, lakini ufanye.

Hukunijibu habari za yule mtu. Nangoja.

Mama yako mdogo,
Bibiana

Newala, 21 Oktoba 1956

Mama Mdogo,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kukaa kimya. Korosho zimeanza kuanguka na kila mtu yuko shambani, tukirudi tumechoka. Mama na Bibi wazima. Bibi haonekani kukohoa tena.

Uso wangu ungeuona ungenipita njiani. Chunusi zimebaki mbili, tena ndogo. Shangazi zake Agnes walikuja kutoka Lupaso kunitazama kwa mara ya mwisho, wakasema fundi amependeza. Niliwapokea nimevaa shati la mikono mirefu nililojishonea mwenyewe. Wewe umeniuliza swali na mimi nimekuuliza swali, basi wote wawili tuna madeni.

Unyoya sijaujaribu. Mama ana kazi nyingi.

Kuna kitu cha ajabu nataka kukusimulia. Wiki iliyopita tulikuwa tunabanika korosho, mimi na Alfani, zile za kula. Unajua mafuta ya ganda yanavyoruka. Tone moja lilimpata Alfani mguuni, akarukaruka uwanja mzima. Mimi yaliniingia mkononi, chini ya kiwiko, mengi kuliko yeye, pakawa peusi kama sufuria. Lakini sikusikia kitu. Nilikaa kama nimemwagiwa maji. Alfani ameniita mwanamume wa chuma tangu siku hiyo. Je, inawezekana ngozi iliyotunzwa vizuri inakuwa ngumu hivyo?

Mwanao,
Silvano

Ndanda, 27 Oktoba 1956

Silvano mwanangu,

Barua hii nimempa Bartholomayo akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako, si barazani.

Mafuta ya korosho yakiruka hutapanya matone huku na huku. Hayachagui mahali pamoja chini ya kiwiko yakapafunika pote. Nadhani uliyapaka mwenyewe ili shangazi zake Agnes wasione baka, wakiona waone kovu la moto. Sina hasira. Gamba jeusi litabanduka na baka litakuwa palepale.

Hakuna ngozi inayotunzwa ikafikia kutosikia moto. Mimi kazi yangu ni kugusa ngozi za watu kila siku, na ngozi isiyosikia tunaiita kwa jina lake. Nadhani ni ukoma. Huenda nimekosea, ndiyo maana nataka daktari akupime.

Sasa soma polepole. Siku hizi kuna vidonge. Watu wanavimeza nyumbani kwao na wanapona. Lakini mshipa wa fahamu ukishakufa vidonge haviufufui, na mshipa wa mahali pale unashuka hadi kidole cha mwisho na cha jirani yake. Kwanza mkasi utakuponyoka, halafu vidole vitajikunja visikunjuke tena. Wewe unakula kwa vidole hivyo. Njoo kabla ya Krismasi. Waambie unakuja kumpima Kasiani suruali.

Mama yako mdogo,
Bibiana

Newala, 11 Novemba 1956

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma na kuichoma.

Mimi niliomba dawa ya chunusi. Umekaa huko na wagonjwa hadi kila mtu kwako ni mgonjwa. Nikipanda lori la Ndanda, na nikionekana kwenye ule mstari wa watu wa ngozi, Lupaso watajua kabla sijarudi. Agnes atachukuliwa na mwingine, nguo zangu hakuna atakayezivaa, hata Bibi watamtengea kata yake ya maji. Hilo umelifikiria?

Mkono ni wangu na hauniumi. Tafadhali tuzungumze mambo mengine.

Silvano

Ndanda, 25 Novemba 1956

Mwanangu Silvano,

Marahaba. Kasiani ana homa lakini inashuka.

Umeomba tuzungumze mambo mengine. Basi nitakulipa deni langu, uliloniuliza tangu Julai.

Mjomba wako Nathanaeli hakwenda mkonge. Alikuwa fundi wa kuchonga vinyago, na ngozi yake Bibi hakudanganya, ilikuwa kama mbegu ya ubuyu iliyosuguliwa. Siku moja akachonga huku damu inatiririka kwenye kidole naye hajui, mimi ndiye niliyemwambia. Alificha miaka. Alijipaka udongo, akajipaka masizi ya nyonyo. Alipopelekwa kwenye kijiji cha wagonjwa hakukuwa na vidonge, kulikuwa na sindano za mafuta zilizouma kuliko ugonjwa. Wazee wakatangaza yuko Lindi. Mimi nilikuwa nampelekea mihogo. Mara ya mwisho nilimkuta anajaribu kushika kisu kwa viganja viwili, vidole havikuwepo. Hakulia, alitaka kujua tu kama kile alichochonga kinafanana na kitu. Hakikufanana na kitu. Nikamwambia ni ndege.

Ndiyo sababu niliingia kazi hii, na ndiyo sababu sikukujibu. Bibi aliniapisha nisiseme, nami nimevunja kiapo cha mama yangu kwa ajili yako.

Mstari wa watu wa ngozi utaupita. Utakuja nyumbani kwangu, na daktari nitamleta mimi. Nakupenda kuliko unavyonikasirikia.

Mama yako mdogo,
Bibiana

Newala, 27 Januari 1957

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mvua imekata barabara chini ya mteremko, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini. Mama, Bibi, wote wazima.

Tangu nilipokuja kwako nikapimwa, ukanisindikiza kwenye lori kabla ya Krismasi, sijakosa kidonge hata siku moja. Daktari alisema aina yangu haiambukizi watu, nami nayarudia maneno hayo kila nikimeza. Kidole cha mwisho bado kizito, mkasi unanichosha, lakini kinanyooka. Kila jioni naloweka mkono, naupaka ufuta, nautazama pande zote kama una mchubuko ambao haukunipigia kelele. Alfani anadhani bado natafuta uzuri. Bibi anajua. Sikumwambia, aliona vidonge. Akaniuliza kwa Kimakonde kama ni kweli Nathanaeli angepona navyo. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Nilikwenda Lupaso wiki iliyopita. Niliona aibu kuanza, lakini niliona aibu zaidi kuendelea na yale mashati. Nikamwambia Agnes uani kwao, mama yake akiwa jikoni anatuona. Nikakunja mkono wa shati.

Alitazama muda mrefu. Kisha akanigusa kwa kidole katikati ya baka, akauliza kama nasikia. Nikasema sisikii. Akasogeza kidogo, akauliza tena, akasogeza tena, hadi akafika mahali nikasema hapo nasikia. Akazunguka hivyo pande zote, kama mtu anayetafuta mpaka wa shamba. Hakuonekana kuogopa. Alikuwa anataka kujua. Akaniuliza mtu anatambuaje kwamba analo, nikamweleza kazi ya jioni, kwamba unatazama ngozi yote unapofikia. Akauliza, na usipofikia?

Mama yake alitoka jikoni akaona mkono. Amekataa kutaja tarehe ya harusi, na sijui kama atakubali. Wakanipa maji kwenye kikombe kilichopasuka, nikaelewa. Nilipoaga nilidhani ndiyo mwisho, na nilikuwa tayari kumwambia Agnes simlaumu.

Alinisindikiza hadi njia panda bila kuomba ruhusa kwa mtu. Pale akaniambia, "Nitashuka Ndanda barabara ikifunguka. Mgongo wangu sijawahi kuuona. Mwambie mama yako mdogo anitazamie, maana wewe bado huruhusiwi."

Mwanao,
Silvano